Nani Anamuuza Royce

Verna Stoltz alitunga uongo wa pili huku akikoroga kahawa, akaupeleka kwa Charlene wa matangazo ya biashara ukiwa bado wa moto. Alimnong'oneza kwamba kile kichwa cha kulungu ofisini kwa bosi, kulungu ambaye bosi hujigamba kwamba alimpiga risasi mwenyewe, kilinunuliwa mnadani. Uongo wa kwanza alikuwa ameshampa Duane, fundi mitambo: kwamba bosi huvaa mkanda wa kubana tumbo chini ya shati. Sasa ilibaki kusubiri ni upi utakaotokea redioni.

Bosi mwenyewe alikuwa Royce Haldane. Kila asubuhi kuanzia saa tatu aliwafokea watu wa Joplin, Missouri, kuhusu ndoa, bendera, bunduki na wavivu wanaokula vya serikali. Verna alimpokelea simu kwa miaka kumi na tisa. Yeye ndiye aliyeamua nani aingie hewani na nani asubiri kwenye laini.

Lakini tangu theluji ya mwaka ule iyeyuke, dakika kumi kabla ya saa tatu, redio ya pili mjini ilimweka mchekeshaji aliyejiita Askofu Kelele. Aliiga sauti ya Royce tupu, hata kikohozi. "Ndugu zangu, mimi naitetea ndoa," Askofu alisema. "Nimeitetea mara tatu, na ya nne iko njiani." Siku nyingine aliishukuru serikali kwa fidia ya ukame, aliyolipwa kwa shamba la ng'ombe lisilojua ng'ombe ana miguu mingapi. Mji mzima ulicheka. Ubaya wake ni kwamba yote yalikuwa kweli, na mengi hayakujulikana nje ya ofisi ile yenye watu wanne.

"Kikulacho ki nguoni mwako, Verna," Royce alikuwa amemwambia. "Ni Duane au ni Charlene. Nataka jina Ijumaa asubuhi, na mtu huyo aondoke na vitu vyake kwenye boksi."

Verna hakuipenda kazi ile hata kidogo. Mke wa Duane alisafishwa damu mara tatu kwa wiki kwa sababu ya figo, na bima ya matibabu ilikuwa ya kazi ya mumewe. Charlene naye alikuwa mtu wa kucheka naye mezani tangu zamani. Lakini mmoja wao alikuwa akiuza siri za watu aliokula nao, na hilo lilimkereketa Verna kuliko kejeli zenyewe.

Kwa ajili ya Royce alikuwa amebishana kanisani mpaka wanakwaya wakawa wanamkwepa. Dada yake hakumwalika tena kwenye mlo wa bata mzinga wa sikukuu ya Novemba. Hakujuta. Mwanawe Toby alipouawa na vidonge vya kulevya, miaka miwili nyuma, waumini waliacha vyakula barazani bila kubisha hodi. Royce ndiye aliyemrudisha kutoka makaburini. Alizima gari mbele ya nyumba, akamwacha aseme lote lililokuwa moyoni, hata lile ambalo Verna hakuwahi kumwambia mchungaji. Juma lililofuata alirudi hewani kuwaita watu wa vidonge takataka, na Verna akajiambia kwamba hakumlenga Toby.

Jumatano Askofu hakugusa mkanda wala kulungu. Alhamisi vilevile.

Royce, kwa mtu anayesalitiwa, alikuwa amenawiri. Kila alipokejeliwa simu za kumtetea zilifurika, na wenye maduka wakapanga foleni kutangaza kwake. Royce aliapa kwamba redio ile ya pili hataifungulia masikio yake kamwe, Verna ndiye atakayemsimulia yaliyosemwa. Siku hiyo Verna alimsifu mbele ya Duane, kwamba bosi ana akili nyepesi ya kujibu.

"Nyepesi mno," Duane alisema bila kuinua macho kwenye nyaya zake. "Askofu hajamaliza kusema, bosi kashachapa jibu."

Verna alimtazama. Hayo, aliwaza, ni maneno ya mtu mwenye kinyongo. Mwenye kinyongo ndiye anayeuza, na mjanja ndiye anayeunusa mtego akaupita.

Ijumaa saa mbili alimpa Royce jina la Duane. Royce alimkumbatia, akasema anajua lilivyomuuma. Saa tatu kasorobo Duane alipita na boksi, akasimama mezani kwake.

"Mimi sijasema neno, dada Verna," alisema kwa upole. "Nitamwambia nini mke wangu?"

Verna alimgeuzia mgongo. Alivaa kisikilizi cha sikioni kilichoshika redio ile ya pili, kama kila siku, akazitazama taa za simu zikianza kuwaka.

Askofu Kelele alianza taratibu, bila kikohozi. Leo, alisema, tumpigie makofi mama mwaminifu anayetupokelea simu. Siku tuliyowafundisha wazazi kuwafungia mlango watoto wa vidonge, simu moja ilikuwa ya mwanawe mwenyewe, analia, anaomba mama aje amchukue. Mama akamwambia asubiri kwenye laini ya nne, kipindi kisije kikaharibika. Mtoto mtiifu, akasubiri dakika kumi na moja, mpaka laini ikanyamaza yenyewe.

Hayo Verna aliwahi kumwambia mtu mmoja tu, ndani ya gari lililozimwa. Hakuna mkanda, hakuna kulungu.

Saa tatu ikatimia. Nyuma ya kioo Royce alikunjua karatasi aliyoichapa nyumbani kabla ya kuja kazini, akainamia maikrofoni.

"Ndugu zangu," alisema kwa sauti ya msiba, "leo wamethubutu kumgusa Verna wangu."