Kimraba cha Zambarau

"Achama, mwanangu," wifi ya muuguzi alisema, na mtoto akaachama kama kinda la ndege.

Muuguzi alikuwa ameshainua kichupa cha chanjo ya kipindupindu alipokiona kile kimraba kwenye lebo. Kimraba hutakiwa kuwa cheupe. Chanjo ikiharibiwa na joto, kimraba hukolea rangi mpaka kilingane na duara linalokizunguka. Hiki kilikuwa zambarau, sawasawa na duara lake. Asubuhi foleni ilimsonga, hakuvitazama vimraba vya vichupa vya kwanza.

"Dereva, kasha la chanjo lililala wapi?"

"Garini, tangu Ijumaa. Si lina barafu lake?"

Aliinamia ndoo ya taka, akageuza vichupa vilivyotumika asubuhi, kimoja baada ya kingine. Vyote zambarau.

Wiki iliyopita aliwauguza wagonjwa wa kipindupindu wodini. Vijidudu hung'ang'ania ukuta wa utumbo, na sumu yao huufanya umwage maji ya mwili kama bomba lililopasuka, hata ngozi ukiifinya inabaki imesimama.

"Wifi, vipi? Mtoto anachoka."

"Ukiwaambia, kesho harudi mtu hapa," dereva alimnong'oneza. "Unajua tulivyowabembeleza."

Alijua. Ndiyo maana asubuhi alimtanguliza binti yake mwenyewe anywe mbele ya wote, watu wasiogope.

Alitupa jicho dirishani. Binti huyo alikuwa pale kwenye kisima walichokatazwa kwa ajili ya kipindupindu, yeye na wenzake, wanacheka.

"Sisi tumeshakunywa dawa!" alitamba, akapeleka kata ya maji mdomoni.

Muuguzi akapiga yowe. Foleni nzima ikageuka.