Salamu ya Mjomba

Ijumaa, nje ya msikiti wa Mlali, mbele ya watu wote, Sufiani alimpa mjomba wake mkono, akainama kwa heshima, kisha akafunga mdomo. Mzee Dadi akangoja shikamoo yake. Haikuja. Mwishowe mzee akauchomoa mkono wake mwenyewe, akauangalia, akaondoka.

Haikuwa mara ya kwanza. Tangu arudi kutoka Kongo na chuma ndani ya goti, Sufiani alikuwa hamwamkii mtu. Habari za asubuhi angesema, salamu aleikum angeitikia, lakini shikamoo, neno ambalo hata mtoto asiyejua kufunga kamba za viatu analijua, lilikuwa limemkaukia mdomoni. Mama yake, Maimuna, alipomkanya, alijibu kwamba kule walikokuwa watu hawaamkiani hivyo, ni jambo tu, mkubwa na mdogo. Mama akamwambia huku si kule.

Na Mlali kuna midomo. Wapo waliosema jeshi limempa kiburi. Wengine, na hao ndio waliosikilizwa zaidi, walisema mtu hushindwa kumwamkia mzee anapokuwa na deni la damu naye. Kwani si walikwenda wawili? Sufiani na Maneno, mtoto wa Mzee Dadi, walikuwa kikosi kimoja huko walikopelekwa kulinda amani, katikati ya watu waliokuwa wakichinjana wenyewe kwa wenyewe. Mmoja alirudi akichechemea. Mwingine alirudi ndani ya jeneza lililofunikwa bendera. Familia iliambiwa tu kwamba waasi walijua mahali hasa askari walipojificha. Walijuaje, hakuna aliyesema.

Maneno ya watu Sufiani angeyavumilia, kama si shamba. Alikuwa amerudishwa uraiani, na kwa goti lile hakuna aliyemtaka kazini, si Mafiga wala Mwembesongo, huko Morogoro mjini. Kwa Waluguru ardhi ya ukoo hufuata upande wa mama, na anayeigawa ni mjomba. Kipande cha juu ya kijito, chenye migomba ya marehemu bibi yake, kilikuwa mkononi mwa Mzee Dadi. Bila hicho Sufiani hakuwa na pa kusimamisha hata banda la kuku.

Jumapili mzee akamwita uani kwake. Maimuna naye alikuja, akaketi mkekani karibu na kaka yake. Mzee hakuzunguka. Alisema shamba ni haki ya Sufiani na atampa leo hii, kwa neno moja tu. Amwamkie mjomba wake kama watu wanavyowaamkia wajomba zao.

Sufiani akafungua mdomo. Mishipa ya shingo ikamtutumka. Maimuna akamsihi kwa sauti ndogo, sema baba, sema tu yaishe. Hakikutoka kitu.

Basi mzee akaanza kumsema Maneno, maana kidonda hakikosi kuguswa. Samaki mkunje angali mbichi, alisema, na Maneno alikunjwa. Alipokuwa mdogo alimpita bibi mmoja njiani bila kumwamkia, na baba yake alimchapa kwa fimbo ya mpera mpaka majirani wakaja kumwombea. Hakurudia tena maisha yake yote. Ikawa hata akiwa chooni, akisikia kikohozi cha mkubwa nje, huamkia kupitia makuti. Mzee alicheka hapo, na machozi yakamlenga. Fimbo yenyewe bado alikuwa nayo, kaichomeka pale juu ya mlango.

"Mmekula sahani moja," akasema. "Mwenzio amekufa na adabu yake. Wewe umerudi na nini?"

Sufiani aliitazama ile fimbo. Alimpenda mzee huyu. Alipofiwa na baba, ndiye aliyemnunulia sare za shule, ndiye aliyempeleka jandoni pamoja na Maneno.

"Niambie kweli mbele ya mama yako," mzee akasema. "Ulimkimbia mwanangu?"

Jibu la kweli lilikuwepo. Lingemrudishia shamba na jina lake siku ileile. Lakini mzee angebaki nalo kila alfajiri, mpaka kaburini.

"Ndiyo, mjomba," Sufiani akasema. "Nilimkimbia."

Mzee Dadi akamtemea mate miguuni. Maimuna akainuka, akajitanda khanga yake, akatoka uani bila kumtazama mwanawe. Kabla jua halijazama, kipande cha juu ya kijito kilikuwa cha Abuu, mpwa mwingine, naye Sufiani alikuwa ameambiwa asionekane tena hapo, hata siku ya msiba.

Akashuka taratibu kuelekea barabarani, akiburuta goti lake. Kwenye njia ya majani marefu akakutana na bibi kizee aliyejitwika kapu la mihogo. Bibi akapunguza mwendo, akimngojea amwamkie. Sufiani akasogea pembeni, akaziba mdomo wake kwa mikono yote miwili mpaka bibi akapita huku akiguna.

Hivi hivi ndivyo alivyopita yule bibi mwingine kule Kongo, na kapu lake, akipanda kilima kwa waasi. Yeye na Maneno na wenzao walikuwa wamelala kifudifudi majanini, wamekatazwa hata kukohoa. Hakuwaona. Alikwisha kuwapita, na Sufiani alikuwa ameanza kupumua tena, aliposikia ubavuni mwake sauti ya Maneno, ya chini, yenye heshima zote:

"Shikamoo, bibi."