Waliobeba Kumbukumbu

Sheria ya bondeni ilitaka kila nyumba iwe na mtu mmoja aliyepandikizwa kumbukumbu za watu wa kale, wale waliokaa kando ya mto wa bonde hilo kabla ya historia na kunusurika ulipokauka. Nyumbani kwa Habona, zamu ilimwangukia mumewe, Komora.

Mwanzoni ilikuwa neema. Komora alijua pa kufukua maji mchangani, na namna ya kukausha kambare kwa moshi wasioze. Kisha asubuhi moja akazima jiko, akafunga mizigo: wake, wa Habona na wa mtoto wao.

"Mto umetuaga," alisema. "Tunapanda mlimani."

"Na mzigo wa mama?"

Mama mkwe, Dhadho, alikuwa mkekani. Miguu ilikuwa haimbebi tena. Komora alimtazama mama yake kwa upole, kama mtu atazamaye nyumba aliyokwisha kuihama.

"Wale hawakuwabeba wasiotembea. Ndiyo maana walipona."

"Nendeni, mwanangu," Dhadho alimnong'oneza Habona. "Huyo si Komora niliyemzaa."

Habona alimpandisha mgongoni, akamfunga kwa kanga, akamshika mtoto mkono.

Njiani nyumba zote zilikuwa zimetoka. Palikuwa na watoto, mbuzi na vyungu, lakini hapakuwa na mzee hata mmoja. Ghafla wenye kumbukumbu, Komora akiwamo, wakasimama pamoja, wakageuka.

"Mshushe," wakasema, kwa sauti moja iliyojaa huruma.

Habona akakaza fundo la kanga, akaendelea kupanda katikati yao.