Usaili wa Saa Tatu

Simu ya Notburga ilitetemeka mara ya sita, na mara ya sita hakuipokea. Ilikuwa saa tano kasorobo. Alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya Idara ya Historia, bahasha mapajani, akiutazama mlango uliopaswa kufunguliwa tangu saa tatu.

Ukutani matangazo ya chuo yalibandikwa moja juu ya jingine: mhadhara wa wazi siku ya Ijumaa, warsha ya uandishi, kongamano la Kiswahili. Moja alikuwa amelikariri. Ufadhili wa mwaka mzima wa kukusanya mila na masimulizi ya wazee wa Ruvuma. Nafasi moja tu, na mwombaji asizidi miaka thelathini na mitano. Notburga alikuwa anatimiza thelathini na sita mwezi ujao. Miaka kumi na miwili alifundisha shule ya msingi huku akijaza madaftari maneno ya babu yake, watu wakimcheka. Sasa leo ndiyo leo.

Na leo hiyo hiyo babu anazikwa.

Tusimlaumu haraka. Mzee Rupert mwenyewe, siku mbili kabla ya kukata roho, alimwambia, "Nikifa siku ya usaili wako, wewe nenda. Mimi sitakwenda popote." Alikuwa na maneno, mzee yule. Ndiyo maana mjukuu wake alikuwa hapa, kitenge cha msiba chini ya koti la kuazima, roho inamuuma.

Mwenyekiti wa kamati, Daktari Athanasi, alikuwa amelala Njombe na simu yake haipatikani. Jane, katibu wa idara, alitokeza kichwa dirishani.

"Daktari Athanasi akifika tu, nasoma majina. Asiyeitika, nafuta. Sina mchezo."

Simu tena. Safari hii Notburga akaipokea. Alikuwa kaka yake, Edmund, anahema.

"Njoo nyumbani sasa hivi! Kuna mtani kaingia kaburini."

"Si mumpe chochote, atoke?"

"Tumempa hela, kazitupa. Tumempa jogoo, kamrudisha. Kavaa kofia ya babu, kalala chali, anasema hatoki mpaka aletwe yule mjukuu aliyekimbilia mjini."

"Mtani gani huyo asiye na haya?"

"Mhehe. Hakuna anayemjua. Alikuwa anapita barabarani, akasikia vilio, akaingia, akauliza habari zako, tukamwambia uko kwenye usaili wa chuo."

Notburga alifumba macho. Mtoto yeyote aliyekulia Ungoni anajua: mtani akishalala kaburini hatolewi kwa nguvu. Ukimburuta kwa hasira, umemzika mtu wako vibaya, na ukoo utakusema mpaka uzeeke. Anatolewa kwa mdomo, au kwa kile anachokitaka. Na huyu, laana gani hii, alimtaka yeye.

Alisimama. Jane alimwona.

"Dada, ukitoka getini na mwenyekiti akaja, mimi sina la kukusaidia."

"Najua, dada yangu."

Alipanda bodaboda, wakashika barabara ya Madaba, ile iendayo Njombe. Kila gari lililowajia kwa mbele alilikodolea macho, akiwaza: ndilo hilo, ndimo alimo mwenyekiti, anakwenda kulifuta jina langu. Nusu saa nzima alilia ndani ya vumbi, na alimtukana yule Mhehe kimoyomoyo matusi ambayo mwalimu hatakiwi kuyajua.

Makaburini watu walikuwa wamelizunguka kaburi. Katekista alikuwa ameshafunga kitabu chake. Jeneza lilikuwa ukingoni, na shimoni kulikuwa na mwanamume wa makamo, suruali imekunjwa hadi magotini, kofia ya babu usoni, anakoroma kwa makusudi.

"Kaja?" aliuliza bila kufunua uso. "Mwambieni kwamba babu yake alizoea kutukimbia vitani. Leo nimemwahi, nimelala kwanza."

Notburga alitaka kumrushia jembe. Badala yake akashika kiuno.

"Lala tu, Mhehe. Babu alikuwa anakimbia harufu yako. Lakini usichelewe, ninyi wala mbwa tumeshawachemshia mmoja na supu inapoa."

Akina mama waliangua kicheko, machozi bado mashavuni.

"Mbwa wa nani?"

"Wako. Alikuja mwenyewe kuomba kwetu, kwako anakufa njaa."

Shimo lilitikisika kwa kicheko. Kisha sauti ikatulia.

"Haya, waambie watoto hawa. Kwa nini nimelala hapa? Wasije wakadhani mimi ni kichaa."

Notburga aliwatazama watoto waliokuwa wakichungulia ukingoni. Aliwaeleza kama babu alivyomweleza: kwamba babu zetu na babu zao walipigana mpaka wakachoka, wakaona heri kutukanana kuliko kuuana. Tangu hapo adui wa jana ndiye anayetangulia kaburini, alipashe moto, ili mtu wetu asilale mahali pa baridi, na sisi tuliobaki tukumbuke kucheka.

Mtani akainuka, akanyoosha mkono, Notburga akamvuta juu.

Jeneza likashuka. Notburga akatupa udongo wake kwa mkono wake mwenyewe. Alipotazama saa, ilikuwa saba kasoro. Basi, kwisha habari yake. Alichuchumaa, akalia kwa sauti, akimlilia babu na kuililia nafasi, asijue chozi lipi ni la nani.

Mtani alimfuata akijipangusa matope. Alimrudishia ile kofia, akachomoa kalamu kwenye mfuko wa shati.

"Gari langu liko pale barabarani, twende wote mjini, wenzako wananingoja," alisema. "Naitwa Athanasi. Kabla sijafunga faili lako, mwalimu, una swali lolote kwa kamati?"