Glavu Kwenye Vikorokoro vya Kaka

Nilichoona kwanza ni uzi wa kijivu ukining'inia mkononi mwa fundi redio.

Kaka alikuwa anahama. Vikorokoro vyake vyote vya umeme alivimwaga mezani amuuzie fundi huyo: vitaa, waya, betri ndogo kama vifungo. Na glavu yangu yenye vitaa vidoleni ikawa humo humo.

Fundi aliivaa, akakunja ngumi, akakunjua. Haikuwaka.

"Bwana wee, hii uliishona kwa miguu?"

Kaka alicheka. "Siku hiyo nilikuwa na haraka, fundi. Itupe tu."

Hakuishona yeye. Alinipa ule uzi unaopitisha umeme akaenda zake, nami nikashona wiki nzima. Hakujua kwamba inawaka gumba likigusa kidole cha mwisho. Mimi huhesabu hivyo, kwa kugusa vidole kwa gumba, tangu nilipoacha shule darasa la nne.

Fundi aliivua, akanyoosha mkono kuitupa kwenye ndoo ya taka. Mlangoni nilipokuwa nimesimama, pindo la gauni langu lilikuwa limelowa jasho kwa kulifinyangafinyanga.

"Ivae tena," nilisema. "Gumba liguse kidole cha mwisho."

Aliivaa, akagusa. Vitaa vitano viliwaka juu ya vidole vyake.

"Lahaula! Bwana wee, unauzaje hii?" fundi alimuuliza kaka.

Kaka alinitazama. "Wewe umejuaje?"

"Nimeishona mimi, kaka. Na haiuzwi."