Mlango wa Chumba cha Tumsifu

Siku hizi, pale Goba, kijana akishakuwa mtu mzima chumba chake kinatozwa kodi yake peke yake, hata kama kiko kwa mama yake. Akishindwa kuilipa, hahami na begi. Anahama na chumba.

Jumamosi jioni ilikuwa zamu ya Tumsifu. Alimkumbatia mama yake, akapanda ghorofani, akafunga dirisha. "Mama, usilie bwana! Huko Chalinze ardhi rahisi, nitapumua."

Chumba kikajibandua taratibu kwenye nyumba, kama chapati iliyoiva inavyoachia kikaango, kikapaa na kitanda, pazia la maua na soksi alizoanika. Juu ya mapaa, vyumba vingine vilikuwa vimeshatangulia, taa zinawaka, utadhani mtaa mzima umeamua kutembea angani. Mama Tumsifu alibaki mdomo wazi. Hajapata kuona kitu kizuri namna ile. Akapiga vigelegele, na majirani wakaitikia.

Asubuhi alichemsha chai ya tangawizi, akamimina kikombe, akapanda ngazi akiburuta ndala.

"Hodi, Tumsifu! Jua hilo!"

Akafungua mlango.

Mbele yake palikuwa na anga, pana, la bluu, limeanzia pale pale kwenye vidole vyake vya miguu. Akashika fremu. Ng'ambo ya barabara mlango mwingine ulikuwa wazi juu ya hewa, na Mama Elineema amesimama hapo, kikombe mkononi. Nyumba ya pili vivyo hivyo. Na ya tatu.

"Jirani," Mama Elineema aliita, "na wewe umekuja kumwamsha wako?"