Chumba Kabla ya Masizi

Kitabu walichotumiwa na watu wa filamu kilikuwa kizito, na Barke alikipakata mapajani. Kilikuwa na michoro ya majeneza, mapazia yaliyochakazwa kwa makusudi, mavazi ya wafu waliofufuka, na kurasa nyingi za nyumba yao wenyewe, maana humo ndimo filamu ile ya kutisha ilimopigwa.

"Hapa ndipo walipoanza kupaka masizi," alisema mdogo wake, Msellem. "Na wewe ndiye uliyewakubalia, dada."

Kila mwaka, Idi ikikaribia, mama yao alikuwa akizipaka kuta chokaa kwa mkono wake. Mwaka ule Barke alimwambia, "Subiri kidogo, mama, wamalize kwanza." Mama akasubiri. Alifariki kabla hawajamaliza, na waliokuja msibani walimsomea Yasini katikati ya kuta nyeusi.

Akafunua ukurasa mwingine. Ilikuwa picha ya chumba cha mama kabla hakijaguswa: kuta nyeupe, kitanda, kabati la kioo. Chini yake paliandikwa kwamba chumbani hamkuwa na mtu.

"Hebu kisogeze kitabu dirishani, penye mwanga," Msellem alisema kwa sauti ya chini.

Ndani ya kioo cha kabati alionekana mama yao, amekaa kwenye kigoda nje ya mlango, ndoo ya chokaa miguuni, brashi mkononi, akingoja aruhusiwe kuingia chumbani mwake.